Naivasha: Usipande mashua bila jaketi

Msomaji, kila likizo ikikaribia, wagonjwa wangu hapa Nakuru huniuliza kama ni salama kwenda Naivasha kuvua samaki. Wengi huhofia malaria. Mimi huwauliza: je, unajua kuogelea?

Anayetaka trauti amepotea njia. Samaki huyo, aliyeletwa nchini mwaka 1905, hupenda mito baridi ya milima ya Aberdare. Naivasha kuna tilapia, na pia besi aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Raha ni ile ile. Ziwa limezungukwa na milima ya volkeno, na Kisiwa cha Crescent ni ukingo wa kasoko iliyozama, mahali penye kina kirefu kabisa.

Jina Naivasha latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa hutulia. Alasiri upepo huvuma na mawimbi kupanda ghafla. Kwa hivyo ondoka mapema, urudi kabla ya chakula cha mchana. Kila aliye mashuani, hata yule anayejigamba kuwa bingwa wa kuogelea, afunge jaketi la kuokolea maisha. Likiwa chini ya kiti halimfai mtu. Bia nayo ingoje nchi kavu. Tena mwambie nahodha akae mbali na viboko, kwani mmoja tu aweza kupindua mashua.

Jumapili moja nilikuwa ufuoni na jamaa zangu tukasikia mayowe. Mvulana wa miaka kama 12 alikuwa ametolewa majini. Wanaume wawili walimning'iniza kichwa chini huku wa tatu akimkanda tumbo ili atapike maji. Walikuwa na nia njema, lakini walipoteza dakika ambazo mtoto hakuwa nazo. Aliyezama hahitaji kukamuliwa, anahitaji hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, ziba pua yake, umpulizie mdomoni pumzi 5 hadi uone kifua kikipanda. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, upesi, kisha pumzi 2, uendelee hivyo bila kuchoka huku wengine wakitafuta gari. Na ukimwona mtu angali majini, usijitose. Mrushie kamba, au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa vizuri, aushike. Nimeshaona mazishi ya mwokoaji na mwokolewa siku moja.

Yule mvulana alikohoa, akalia. Mjomba wake alitaka kumpeleka nyumbani moja kwa moja, kwa vile alikuwa akiongea na hata ameomba soda. Nilikataa, tukazozana kidogo, hatimaye akakubali twende hospitali. Usiku huo mtoto alianza kuhema kwa shida, akawekewa oksijeni kwa siku mbili.