Bastola ya Risasi Sita, Zinatiwa Tano

Kauboi tulimjua kwenye sinema. Kinshasa, miaka ya 1950, vijana walizipenda filamu hizo hata wakajiita Bills, kwa heshima ya Buffalo Bill, wakafunga vitambaa shingoni na kujipachika majina ya kigeni. Marekani kwenyewe wako watu wazima wanaofanya hivyohivyo mpaka leo, ila wao wana bastola za kweli na risasi za kweli. Ndiyo maana mchezo wao unastahili kutazamwa kwa makini kuliko mavazi yao.

Uwanja wao mmoja mashuhuri ni Ben Avery, kaskazini mwa jiji la Phoenix, jimbo la Arizona. Ni mali ya umma, chini ya idara ya wanyamapori ya jimbo hilo. Kila mwaka msimu wa baridi, chama cha Arizona Cowboy Shooters Association huandaa hapo Winter Range, mashindano ya kitaifa ya kulenga shabaha kikauboi. Wanaume huja na kofia pana na vizibao, wanawake na magauni ya karne ya 19, na shabaha husimamishwa mbele ya vibanda vilivyojengwa mfano wa benki, baa au jela ya mji wa zamani.

Mchezo wenyewe ulianza California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1987 ikaundwa Single Action Shooting Society kuusimamia. Kila mwanachama huchagua jina la kikauboi, na haliruhusiwi kufanana na la mwingine. Laiti, wanapochagua, wengi zaidi wangemkumbuka Bass Reeves, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani Arkansas, kisha tangu 1875 akawa askari wa serikali kuu akiwasaka majambazi kwa zaidi ya miaka 30. Makauboi weusi walikuwa wengi. Sinema ndizo zilizowasahau.

Mchezaji hubeba silaha nne: bastola mbili, bunduki ya kukokiwa kwa wenzo, na shotigani, zote za miundo ya kabla ya 1900. Saa ikilia, hupiga shabaha za chuma kwa mpangilio uliotangazwa. Akikosa moja, sekunde tano huongezwa kwenye muda wake. Risasi ni za vichwa laini visivyo na gamba la shaba, na kasi yake ina kikomo, kwa sababu chuma kiko hatua chache tu mbele ya mchezaji. Mabingwa hufyatua zaidi ya risasi ishirini chini ya sekunde ishirini.

Lakini mimi ningemwambia mtazamaji asianze na kasi hiyo. Asimame nyuma ya meza ya kujazia. Hapo mchezaji hufungua kilango kidogo cha ubavuni mwa bastola, hutia risasi moja, huruka tundu linalofuata, hutia nne mfululizo, kisha hukoki na kuishusha nyundo taratibu. Ikitua, iko juu ya tundu tupu. Bastola ina nafasi sita. Zinatiwa tano, na mtu mwingine huangalia kama ni kweli.

Sababu yake ni ya kale. Katika bastola ya Colt ya 1873, nyundo ikilala juu ya risasi, ncha yake inagusa fataki. Bastola ikianguka tu, inaweza kulia. Wyatt Earp, askari ambaye sinema zimemfanya shujaa asiyekosea, yalimpata hayo Wichita, Kansas, Januari 1876. Alikuwa amekaa baa, bastola ikachomoka kwenye ala, ikagonga kiti na kufyatuka. Risasi ilitoboa koti lake, ikagonga ukuta, ikatokea darini. Gazeti la mji liliandika habari hiyo.

Kwa hiyo hapa hakuna msamaha. Ukiangusha bastola tupu, zamu yako imefutwa. Ukiangusha yenye risasi, mashindano yameisha kwako, uwe bingwa au mgeni. Ukigeuza mtutu kupita mpaka uliowekwa, zamu imekwenda. Ukirudia, unafungasha virago. Ukimaliza, unakwenda meza ya kutolea risasi, na hapo pia kuna jicho la pili. Huu ndio ukauboi ambao sinema haikutuonyesha, na ndio pekee unaofaa kuigwa.

Familia nyingi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili zimepata makazi Arizona. Ikiwa yako ni mojawapo, nenda ukawatazame makauboi hao. Vaa miwani ya kukinga macho, ziba masikio, na usiguse silaha yoyote mpaka mwenyewe akukaribishe.