Kima na Sokwe katika Misitu ya Bengamisa

Maneno mawili ya Kiingereza, «monkey» na «ape», huchanganywa hata na Waingereza wenyewe, ilhali kila moja lina kundi lake la wanyama: la kwanza ni la kima kwa jumla yao, wakiwemo mbega, tumbili na nyani, na la pili ni la sokwe, yaani sokwe mtu, bonobo, gorila na orangutani, pamoja na giboni wadogo wa Asia. Huko Bengamisa, katika teritori ya Banalia, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Kisangani kwenye barabara ya Buta, tofauti hiyo inagusa kitoweo na sheria kwa pamoja, kwa kuwa misitu ya upande huo ina wanyama wa makundi yote mawili.

Wengi hutazama mkia, kwani sokwe hana mkia na kima kwa kawaida anao, lakini alama hiyo haitoshi, maana kima wa milima ya Moroko na Aljeria hana mkia wa kuonekana, na kwa sababu hiyo Waingereza wamemwita «ape» kimakosa kwa muda mrefu. Alama ya kuaminika zaidi iko kifuani na begani: kima ana kifua chembamba na hukimbia juu ya matawi kwa miguu minne, ilhali sokwe ana kifua kipana, na bega lake huzunguka kiasi cha kumwezesha kuning'inia kwa mkono mmoja. Hata mnyama mwenyewe asipoonekana, mwindaji hutambua alipolala sokwe mtu, kwa sababu kila jioni huyo hukunja na kusuka matawi kuwa kitanda juu ya mti, jambo ambalo kima halifanyi.

Kifaransa, lugha ya shule na ofisi nchini Kongo, hutumia neno moja, «singe», kwa makundi yote mawili, na hulazimika kuongeza sifa ya ukubwa kinapotaka kuwatenga sokwe. Kwa hiyo mwanafunzi hupokea darasani mkanganyiko ambao lugha za nyumbani kwake hazina, kwani Kilingala humwita kima makako na sokwe mtu mokomboso, nacho Kiswahili kina kima na sokwe. Utajiri huo ni wa zamani na unastahili kufundishwa: mwaka 1870, David Livingstone akiwa Manyema, aliandika habari za mnyama ambaye wenyeji walimwita soko, akamfananisha na gorila, ingawa maelezo yake yanamwelekea zaidi sokwe mtu.

Mto Kongo nao umewagawa sokwe wenyewe. Upande wa kulia, ilipo Bengamisa, huishi sokwe mtu, na bonobo hupatikana upande wa kushoto peke yake, kwa kuwa sokwe si waogeleaji na mto mpana huwazuia kuvuka. Wataalamu walimtambua bonobo mwaka 1929 tu, kutokana na fuvu lililokuwa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kwa miaka mingi baadaye alihesabiwa kuwa sokwe mtu wa umbo dogo.

Nyama iliyokaushwa kwa moshi na kukatwa vipande haionyeshi tena mkia wala bega, na hapo ndipo hasara hutokea, kwa sababu sokwe wote wa Kongo wamekatazwa kabisa kuwindwa, wakati kima wa aina kadhaa huweza kuwindwa kwa kibali katika majira yaliyofunguliwa. Sababu ya ukali huo ni ya uzazi: jike la sokwe mtu kwa kawaida hukaribia au hupita miaka 13 kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kisha hupata mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano hivi, kwa hiyo kundi lililopoteza majike mawili au matatu katika msimu mmoja huhitaji miaka mingi sana kurudia idadi yake.