Hesabu za Duka: Simuni au Kwenye Wingu?

Mchuuzi wa mawese hapa Ilagala akishanunua simu janja, washauri hawakosekani. Bila shaka nawe umeshayasikia maneno yao. Tuyapime.

"Programu ya maana lazima iwe ya mtandaoni." Si kweli. Anayeandika madumu yaliyoingia, bei na majina ya wadaiwa anahitaji jedwali tu. Jedwali hukaa ndani ya simu, halili bando, na hufunguka hata mtandao ukikata. Na hukata kweli: Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Bahari iko mbali na mto wetu wa Malagarasi, lakini aliyeweka hesabu zake zote mtandaoni siku hiyo alikuwa mashakani.

"Programu ndogo haina nguvu." Si kweli. SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, huweka data zote kwenye faili moja, bila seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) wala fundi. Simu yako ya Android inayo tayari.

"Basi Excel yamaliza kila kitu." Si kweli, na hapa sisi wapenda urahisi tuwe wakweli. Mwaka 2020 Uingereza, wagonjwa wa korona karibu 16,000 waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel halivuki mistari 65,536. Kazi ikizidi chombo, hama: tazama walivyofanya Mosoriot, Kenya. Mwaka 2001 kituo chao cha afya kilianza na programu ya Microsoft Access. Kazi ilipokua kupita uwezo wake, ndipo ukaja mfumo wa OpenMRS wenye seva. Walibanwa kwanza, wakahama baadaye.

"Seva yako mwenyewe ndiyo salama." Kwa duka moja, si kweli. Inataka umeme usiku kucha, masasisho, na mtu anayeijua.

"Kilicho kwenye wingu hakipotei." Si kweli kabisa! Wingu ni kompyuta za watu, ndani ya majengo. Machi 10, 2021 jengo la kampuni ya OVH liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasio na nakala kwingine wakapoteza data zao. Simu ikitumbukia ziwani, hasara ni ile ile. Weka nakala kwenye memori kadi inayobaki nyumbani, na nyingine mtandaoni bando likiwepo.

"Mali bila daftari huisha bila habari." Kweli tupu. Hakuna programu inayokumbuka dumu ambalo hukuliandika.

"Wingu ni la makampuni makubwa." Si kweli. Kama mwenzako yuko Kigoma mjini akiuza mzigo unaomtumia, jedwali moja la Google mtaliona wote wawili. Washa mapema kipengele cha kutumia bila intaneti: utaandika ukiwa Ilagala hata mtandao ukizimika, nayo yatajituma yenyewe mtandao ukirudi.