Fundi Akikwambia Intaneti Haiingii Kwa Linux, Usimwamini Upesi

Ikiwa nyumbani kwako kuna kompyuta iliyonunuliwa mtumba miaka mingi iliyopita, bila shaka umeshaambiwa kwamba siku zake zimekwisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kununua nyingine si mchezo kwa mzazi anayelipa kodi ya nyumba Mlaleo, karo za watoto na nauli ya matatu kila uchao. Ndiyo maana wapo vijana wa vyuo ambao wameichukua kompyuta hiyo hiyo ya sebuleni wakaitia Linux, nayo ikaamka kama aliyepakwa dawa.

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao mtu huupata bure. Ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Una sura nyingi, na zinazomfaa mgeni ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004, na Linux Mint iliyojengwa juu yake. Waswahili nao hawakuachwa nyuma. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili.

Basi kompyuta imeamka, na sasa unataka intaneti ya nyumbani, maana mtoto wa kidato cha nne atahitaji kuomba nafasi ya chuo, na maombi hayo hufanyiwa kwenye mtandao. Unaita kampuni. Fundi anakuja, anapanda nguzo, anatoboa ukuta, anafunga kisanduku chenye taa. Halafu anaitazama kompyuta na kukunja uso.

"Mama, hii si Windows. Hapa haiingii."

"Haiingii vipi, mwanangu? Si waya ni huo huo?"

"Mtambo wetu haujui Linux, mama. Tafuta kompyuta nyingine."

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na wengine hukopa pesa kwenda kununua mashine ambayo hawakuihitaji.

Fundi huyo si mwongo. Anakumbuka mambo ya zamani. Kabla ya mwaka wa 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuongea na dunia kwa intaneti, na kwa bei iliyomtisha mtu wa kawaida. Mnamo Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu ilifika pwani yetu hapa Mombasa, na mwezi uliofuata ile ya SEACOM ikaanza kazi. Hata hivyo kebo kufika ufuoni ni jambo moja, na kufika Mtongwe au Mikindani ni jambo jingine. Kwa miaka kadhaa watu wa bara ya Mombasa waliipata intaneti kwa modemu ndogo za kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, zenye laini ya simu ndani yake.

Modemu hizo zilikuwa na ujanja wao. Ukiichomeka, ilijifanya kwanza kuwa sidii, ili Windows isome humo programu ya kampuni na kujiweka sawa. Linux iliiona sidii tu, ikakaa kimya. Ilibidi watu waandike programu maalumu, iitwayo usb_modeswitch, ya kuiambia modemu iache maigizo na kuwa modemu. Aliyehangaika na vitu hivyo wakati huo ana haki ya kuogopa neno Linux mpaka leo.

Lakini mambo yamebadilika. Siku hizi mwenye kuingia mtandaoni si kompyuta yako, ni rauta, yaani kile kisanduku. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Kisanduku huupokea mwanga huo, hujitambulisha kwa kampuni kwa namba zake, kisha huigawia nyumba nzima intaneti. Kompyuta hupewa tu anwani yake ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, kama mpangaji anavyopewa namba ya chumba. Mwenye nyumba hamuulizi mpangaji ni Mdigo au Mtaita, na rauta haiulizi kama wewe ni Windows au Linux.

Kwa hiyo mwambie fundi, kwa heshima, akuachie waya mmoja wa mtandao, ule wenye kichwa cha plastiki kilicho kipana kuliko cha simu ya zamani ya mezani. Chomeka upande mmoja kwenye rauta, mwingine kwenye kompyuta. Usibonyeze chochote. Hesabu polepole hadi kumi. Kwenye pembe ya kioo cha Ubuntu au Mint alama ya mtandao itabadilika, nawe umeingia. Ikiwa haibadiliki, tazama kwanza taa za kisanduku. Taa nyekundu kwenye herufi LOS maana yake mwanga wa faiba haufiki, na hilo ni la fundi na nguzo yake, si la kompyuta yako.

Ikiwa taa ni njema lakini kurasa hazifunguki, fungua dirisha la kuandikia amri na uandike ping 8.8.8.8. Mistari ikianza kujibu, intaneti unayo, ila kompyuta haijui kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Zima rauta, ngoja dakika moja, iwashe tena. Mara nyingi hilo hutosha.

Tabu ya kweli iko kwenye waifai, na hapa nitakaa kidogo. Chipu za waifai zinahitaji draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa chake. Chipu nyingi za Intel hukubali Linux mara moja. Za Broadcom, ambazo ni nyingi katika kompyuta za mtumba, mara kwa mara hugoma, na zile za kuchomeka za Realtek nazo zina vituko vyao. Andika lspci na utaliona jina la chipu yako, au lsusb kama ni ya kuchomeka.

Sasa ili uipate draiva unahitaji intaneti, na intaneti huna kwa sababu huna draiva. Waya wa rauta unamaliza ugomvi huo. Kama kompyuta yako haina tundu la waya, chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wake wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu hiyo kama waya wa mtandao. Halafu fungua sehemu ya madraiva katika Ubuntu au Mint, chagua lile linalopendekezwa, washa kompyuta upya. Ukiwekewa kizuizi kiitwacho Secure Boot, utaombwa utunge neno la siri na kuliandika tena kompyuta inapowaka. Fanya hivyo bila hofu.

Faiba haijafika kila kichochoro cha Likoni, Kisauni na Changamwe. Aliye mbali na nguzo anaweza kutumia rauta ya laini ya simu, au dishi la Starlink, lililoanza kuuzwa Kenya mwaka wa 2023. Hesabu ni ile ile: kisanduku ndicho kinachohangaika, kompyuta inapokea.

Yapo pia mambo ya kwetu ambayo vitabu vya kompyuta havitaji. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati ina kuta nene, na waifai iliyowekwa chumba cha mbele hufika jikoni ikiwa hoi. Iweke rauta ukumbini, juu, mbali na friji. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula vichwa vya waya, kwa hiyo mtandao ukianza kukatika bila sababu, chomoa waya na uangalie kama kuna kutu. Stima ikipotea rauta huzimika hata kama faiba ni nzima. Betri ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya rauta huiweka hai, na kompyuta ya kukunja ina betri yake.

Mkichanga bili na majirani, kwanza ulizeni kampuni kama mkataba unaruhusu. Kisha badilisha neno la siri lililobandikwa chini ya kisanduku, kwa maana kila aliyepita sebuleni na simu yake ameshalipiga picha. Na kabla fundi hajaondoka, mwombe namba ya akaunti yako, uiandike nyuma ya mlango wa kabati.