Mizani Isiyo ya Chuma

Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, mjini Kigoma, akipima mzigo ule ule mara tatu, na mizani ikasoma kilo 20, kisha 23, kisha 18, wanunuzi hawatawalaumu dagaa. Wataikataa mizani.

Tabibu naye anayo mizani, ingawa si ya chuma. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwatibu kwa methadoni watu waliotawaliwa na heroini. Katika tiba ya namna hii ni lazima kupima ukali wa maumivu yampatayo mtu aikosapo heroini, yale ambayo watumiaji wenyewe huyaita arosto. Orodha moja itumikayo katika nchi nyingi, iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 2003, ina dalili 11: mapigo ya moyo, jasho, upana wa mboni, miayo, vipele vya baridi na kadhalika. Kila dalili hupewa alama, na jumla haizidi 48.

Je, wapimaji wawili watapata jibu moja? Tuchukue mfano wa kubuni. Wauguzi wawili wanawapima wagonjwa 50, kila mmoja peke yake. Kila muuguzi anasema wagonjwa 30 wana arosto na 20 hawana. Wamepatana juu ya wagonjwa 40, yaani asilimia 80. Lakini hata kwa kubahatisha tu wangalipatana kwa kiasi hiki:

0.6 × 0.6 + 0.4 × 0.4 = 0.52

Mwaka 1960 Jacob Cohen alionyesha jinsi ya kuiondoa bahati hiyo:

(0.80 − 0.52) ÷ (1 − 0.52) = 0.58

Basi ile asilimia 80 ilikuwa na pambo. Kipimo hiki, kiitwacho kapa, hufikia 1 wapimaji wakipatana kabisa, na huwa 0 mapatano yao yakiwa ya bahati tupu.

Hata hivyo, uthabiti si usahihi. Malaria, ugonjwa uliozoeleka ufukoni mwa Tanganyika, nayo huleta jasho, maumivu ya viungo na mapigo ya haraka. Wauguzi wawili waweza kupatana kikamilifu juu ya alama, na wote wawili wakawa wanapima homa. Lugha nayo ina mtego wake: swali lililofasiriwa kwa maneno ambayo mgonjwa hayatumii hujibiwa kwa kukisia. Kwa hiyo tafsiri hurudishwa katika lugha ya asili na mfasiri mwingine, kisha hujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe.

Kosa hapa si la kilo mbili za dagaa. Alama zikizidi ukweli, mgonjwa aweza kuongezewa methadoni hata pumzi zikafifia na kukoma. Zikipungua, atateseka na huenda akarudia heroini.

Mwalimu, lijaribu jambo hili darasani. Wanafunzi wawili wahesabu, kwa dakika moja ile ile, mapigo ya moyo ya mwenzao, mmoja kwenye kila mkono, na wasiambiane. Linganisheni majibu. Kisha jiulizeni: ikiwa twatofautiana katika kuhesabu, itakuwaje katika kupima maumivu?