Siku Moja Addis Ababa: Kuanzia Firfir Hadi Kikombe cha Tatu

Anayekwenda Addis Ababa kwa siku moja na aulize kwanza: leo ni siku gani ya juma? Ikiwa ni Jumatano au Ijumaa, ameangukia siku ya mfungo. Karibu mwaka mzima, waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hawali nyama, maziwa, mayai wala siagi siku hizo mbili, na kabla ya Pasaka hufunga siku 55 mfululizo. Mikahawa mingi hufuata kalenda hiyo. Mgeni asisikitike. Mfungo ndio uliowanoa wapishi wa mji huu wakajua kuzipa adesi, dengu na mboga za majani ladha inayomfanya mlaji asiiulizie nyama.

Kuna jambo litakalomrahisishia mambo msafiri wa Afrika Mashariki. Waethiopia huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama ahesabuvyo Mswahili. Akiambiwa wakutane saa tatu asubuhi, ni saa tatu ileile ya nyumbani. Kalenda ndiyo itakayomchanganya: mwaka wa Ethiopia una miezi 13, huanza Septemba, na uko nyuma kwa miaka saba au minane.

Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi, na mtu aliyezoea pwani atahema akipanda vilima. Firfir humpasha moto: mkate wa injera uliochanwachanwa na kuchanganywa na mchuzi wa berbere, yaani pilipili iliyosagwa pamoja na viungo vingine. Baada ya hapo ni kahawa. Waitalia waliikalia Ethiopia kati ya 1936 na 1941, wakafukuzwa, lakini mazoea ya makiato yakabaki. Katika migahawa ya Tomoca, kampuni inayokaanga kahawa tangu 1953, wateja wengi hunywa wamesimama, kisha wakaendelea na safari zao.

Mtaa wa Piassa una kanisa la Mtakatifu Giorgis, lenye pembe nane, lililojengwa kuadhimisha vita vya Adwa. Tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Mfalme Menelik II liliwashinda Waitalia na kuinusuru nchi isitawaliwe. Haile Selassie alitawazwa katika kanisa hilo mwaka 1930. Jirani yake sasa kuna jumba kubwa la kumbukumbu ya ushindi huo, lililofunguliwa mwaka 2024. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya nyumba kongwe za Piassa ilibomolewa ili kupanua barabara na kujenga upya, kwa hiyo anayetembea na ramani ya zamani atatafuta vichochoro ambavyo havipo tena.

Kutoka hapo safari ni ya kwenda Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, kiumbe wa kale ambaye Waethiopia humwita Dinkinesh. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1974 huko Hadar, katika eneo la Afar, na yana umri wa takriban miaka milioni 3.2. Mifupa halisi imetunzwa mahali salama. Inayoonyeshwa ni nakala yake. Hata hivyo, anayesimama mbele ya kiumbe huyo wa urefu wa mita moja na kidogo, aliyekwenda kwa miguu miwili, hupata mengi ya kufikiri.

Njaa ikibisha, aagize beyaynetu. Sinia huja limetandikwa injera, iliyopikwa kwa unga wa nafaka ya teff ulioachwa siku kadhaa uchachuke. Ni laini na ina vitundu juu, kama chapati ya maji yenye uchachu. Juu yake hupangwa mafungu ya adesi nyekundu kwa berbere, njegere kavu zilizopikwa na manjano, sukuma, kabichi, na shiro, uji mzito wa unga wa dengu. Mikono huoshwa, watu hula kwa mkono wa kulia kutoka sinia moja. Mwenyeji akimkunjia mgeni tonge na kumtia kinywani, hiyo ni gursha, ishara ya mapenzi, na haikataliwi.

Mchana unafaa kwa Africa Hall. Katika jengo hilo, tarehe 25 Mei 1963, viongozi wa nchi huru walitia saini mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Julius Nyerere wa Tanganyika akiwamo. Kamati ya Ukombozi iliyoundwa na umoja huo ikapewa makao Dar es Salaam. Dirisha kubwa la vioo vya rangi lililochorwa na Afewerk Tekle linasimulia mateso na matumaini ya bara zima. Kwenye makao ya Umoja wa Afrika mjini humo, sanamu ya Nyerere ilizinduliwa Februari 2024, miaka miwili baada ya umoja huo kukifanya Kiswahili lugha yake ya kazi.

Merkato, soko linalotajwa miongoni mwa makubwa kabisa barani, lina mtaa wa viungo, mtaa wa nguo, na hata mtaa wa mafundi wanaogeuza vyuma chakavu kuwa vyombo. Msikiti wa Anwar uko hapohapo, na Mwislamu atapata migahawa ya nyama ya halali karibu nao.

Jioni ni ya buna, yaani kahawa. Nyasi mbichi hutandazwa sakafuni, ubani hufukizwa, na buni mbichi hukaangwa mbele ya wageni, kisha hutwangwa na kuchemshwa ndani ya jebena, birika la udongo. Bisi hupitishwa. Vikombe ni vitatu: abol, tona na bereka, maji yakiongezwa kwenye kahawa ileile, na si adabu kuondoka baada ya cha kwanza. Shughuli huweza kupita saa moja. Hata mwenye ndege ya usiku ana nafasi ya kukaa hadi bereka, kwa kuwa uwanja wa Bole uko ndani ya mji wenyewe.