Uzito wa Chuma na Mgongo wa Fundi

Juma hili nakuomba tuziangalie karakana zilizo nyuma ya nyumba za watu. Nachukua mfano wa Iguguno, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, katika wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Hii ni nchi ya alizeti. Palipo na alizeti pana mashine za kukamua mafuta, na palipo na mashine hapakosi fundi. Mafundi wengine hujikusanyia vijisenti hata wakanunua mashine ya kukereza vyuma iliyokwishatumika kwingineko, wakaijengea kibanda uani.

Siku mashine hiyo inapowasili, wanaume kumi hujitokeza na mitarimbo, na kila mmoja anaogopa. Aghalabu haumii mtu. Mashine ikishafungwa boliti sakafuni haiendi popote tena. Balaa liko kwenye vifaa vyake: ile chaki ya meno matatu inayoshika chuma kinachokerezwa, chaki nyingine ya meno manne, bamba la duara, jiliwa. Hivi hufungwa na kufunguliwa kila mara, na fundi huvibeba peke yake, kwa kuwa amevizoea.

Tupige hesabu kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya chuma ina karibu kilo 8. Maana yake, lile dumu la lita 20 wanalochotea maji akina mama, lingejazwa chuma kitupu, lingekaribia kilo 160. Chaki yenye upana wa sentimeta 25 na unene wa sentimeta 9 ni kitu kidogo kwa macho, lakini ni kilo 30 na ushei.

Fundi mmoja alinijibu, "Kaka, mimi nabeba mfuko wa saruji wa kilo 50, hiyo chaki itanishinda?" Ni hoja nzuri, nami sikutaka kuipita hivi hivi. Mfuko wa saruji unaukumbatia kifuani au unauweka begani. Chaki ni duara, imepakwa grisi, haina pa kushika, na ili uifikishe mahali pake lazima uinyooshe mikono juu ya kitanda cha mashine. Kila fundi anajua kwamba nati ikikaza, huchomekwa bomba kwenye spana ili nguvu iongezeke. Basi hapo mikono yako ndiyo bomba, na kiuno chako ndicho nati. Kilo 30 zilizo sentimeta 60 mbele yako hukibana kiuno mara tatu ya zile zilizo sentimeta 20.

Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakipunguza viwango. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini ilitaja kilo 23, tena hapo mzigo uwe karibu na mwili, una pa kushika, na mtu hajipindi. Chaki yetu haina hata sifa moja kati ya hizo.

Dawa yake si ghali. Chonga kipande cha mbao nene chenye mwanya wa kuilaza chaki, kikae juu ya kitanda cha mashine kwa kimo ambacho chaki ikilala juu yake inatazamana sawasawa na mahali pa kufungwa. Kisha weka meza imara kando ya mashine, yenye kimo kilekile. Chaki itasukumwa kutoka mezani hadi kwenye mbao, kutoka kwenye mbao hadi mahali pake. Haiinuliwi. Vidole pia vinapona, kwa sababu ikiteleza inaangukia mbao, haikisagi kidole juu ya chuma.

Rafu ya ukutani ni jambo jingine. Nimeona vyuma vizito vimepangwa juu kabisa, eti watoto wasivifikie, na miguu ya rafu imesimama juu ya udongo. Mchwa wa Singida hula mbao kutoka ndani na kuacha ngozi ya nje, nawe unaona rafu nzima kumbe ni ganda. Igonge kwa nyundo. Ikilia kama debe tupu, shusha vitu siku hiyohiyo. Vizito vikae kati ya goti na kiuno, juu ya matofali au vyuma vya pembe. Juu weka brashi na makopo ya rangi.

Kuhusu cheni bloku, iliyoandikwa tani 1 huenda kweli ikabeba tani 1, lakini mti wa paa ulioning'inizia ulikatwa kwa ajili ya kubeba bati. Afadhali miguu mitatu ya mabomba, iliyofungwa cheni kwa chini isitanuke.

Nimeacha kwa makusudi lile linalonitia hofu kuliko yote: magurudumu mazito ya injini za zamani za dizeli, ambayo mengine humzidi mtu mzima kwa uzito. Huegemezwa ukutani, kwenye ua uleule ambamo watoto hucheza na kuku hupekua udongo. Mvua ikilainisha ardhi, gurudumu huteleza kwa chini na kulala kifudifudi, wala halitoi sauti ya kuonya. Lilazwe tangu mwanzo, juu ya vipande viwili vya mbao ili mtarimbo upate pa kuingia siku ya kulihamisha. Likilazimu kusimama, lifungwe cheni kwenye nguzo na kuwekewa kabari mbele na nyuma, leo kabla watoto hawajarudi kutoka shule.